Kuacha na Kuachishwa: Istilahi za Kazi katika Kipindi cha Kiswahili

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha, hapana somo tulionalo likifundishwa kwa unyonge kama lile lihusulo haki na wajibu wa mfanyakazi. Mwanachuo huingia darasani na andalio lililokamilika, huandika ubaoni maneno kumi na mawili, yaani mkataba, notisi, likizo, kiinua mgongo na mengineyo, huyapigia mstari, kisha huweka mbele ya kila neno maana yake kama alivyoinakili kitabuni. Wanafunzi nao hunakili. Mwisho wa kipindi huulizwa mkataba ni nini, nao hujibu kwa sauti moja. Mwanachuo hutoka ameridhika, na sisi tuliokaa nyuma ya darasa na karatasi zetu za kukagulia tumewahi, si mara moja, kumpa alama nzuri.

Tuliacha kuzitoa alama hizo kwa ukarimu siku tulipokuwa katika shule moja ya Mikumi, karibu na barabara kuu iendayo Iringa. Baada ya majibu ya pamoja kwisha, msichana mmoja alinyosha mkono. Alisema: "Mwalimu, mama kaambiwa kazini aandike barua ya kuacha, na yeye hataki kuacha. Akiiandika, atakuwa ameacha au ameachishwa?" Mwanachuo akautazama ubao wake. Katika maneno yote kumi na mawili jibu halikuwamo. Akasema kwamba swali hilo litajibiwa katika kipindi kijacho. Kipindi kijacho kilikuwa cha Hisabati.

Maoni yetu ni kwamba istilahi za sheria ya kazi zifundishwe katika kipindi cha Kiswahili, kwa njia ya mnyambuliko wa kitenzi, wala si kwa orodha ya maana za kukariri. Sababu yake ni nyepesi. Sehemu kubwa ya sheria ya kazi imesimama juu ya swali moja: nani amemtenda nani? Na lugha yetu imejaliwa viambishi vilivyotengenezwa hasa kwa kulijibu swali hilo. Mtoto wa darasa la tano hutofautisha "amepiga" na "amepigwa" bila ya kufundishwa na mtu yeyote. Anachohitaji ni mwalimu wa kumwonyesha kwamba tofauti ile ile, ikiingia katika barua ya kazi, ina fedha ndani yake.

Tuanze na kitenzi "ajiri". Aajiriye ni mwajiri. Aajiriwaye ni mwajiriwa. Jambo lililowakutanisha ni ajira. Kilipwacho ni ujira. Maneno manne kutoka shina moja, na kila moja lina mahali pake. Halafu liko la tano, "kujiajiri", na hapo ndipo ubishi wenye manufaa unapoanza. Kijana anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine pale stendi ya Mikumi, akipeleka hesabu kila jioni, amejiajiri au ameajiriwa? Tumewaona wanafunzi wakibishana juu ya jambo hili dakika kumi nzima, wengine wakisema amejiajiri kwa kuwa hana saa za kuingia, wengine wakisema ameajiriwa kwa kuwa pikipiki si yake na akikosa hesabu siku mbili ananyang'anywa. Pasipo kujua, wamekwisha kuvigusa vipimo vya sheria yenyewe. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, inaorodhesha alama za kumtambua mwajiriwa: kwamba anaongozwa na mwingine katika namna ya kufanya kazi au katika saa zake, kwamba anamtegemea huyo kwa riziki yake, kwamba amepewa naye vyombo vya kazi, kwamba amemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, na nyinginezo. Ikipatikana hata alama moja, mtu huyo hudhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwalimu asiukate ubishi wa darasa kwa kutoa hukumu. Awape vipimo, waendelee.

Sasa tuje kwenye "acha", kwa kuwa hapa ndipo penye uzito. Mwanachuo achore mstari wa wima katikati ya ubao. Kushoto yakae matendo ya mwajiriwa mwenyewe: ameacha, amejiuzulu, amestaafu. Kulia yakae matendo ya mwajiri: ameachishwa, amefukuzwa, amepunguzwa, amestaafishwa. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba upande wa kulia umejaa kauli ya kutendwa na kutendeshwa. Kisha waletewe sentensi, nao waseme kila sentensi ikae upande gani. "Asha alimwandikia mwajiri wake kwamba anahamia Dodoma." Kushoto. "Kiwanda kimepunguza watu kumi, Juma akiwa mmojawapo." Kulia. Zikifika sentensi sita au saba waletewe ya yule mama wa Mikumi, na darasa litanyamaza. Neno lililoandikwa katika barua liko kushoto. Nguvu iliyolisukuma neno hilo imetoka kulia.

Sheria imelitazama jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inasema kwamba mwajiriwa akiacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, kuacha huko huhesabiwa kuwa ni kuachishwa na mwajiri. Si kusema kwamba kila anayelalamika atashinda. Atatakiwa aonyeshe ni jambo gani lililofanya kazi isivumilike. Lakini mtoto akielewa kwamba sheria inaweza kulitoa tendo kushoto na kuliweka kulia, ameelewa jambo ambalo watu wazima wengi wa wilaya yetu hawalijui, nao hutia saini barua za kuacha kazi kwa kuambiwa kwamba "ndivyo utaratibu ulivyo".

Tena tofauti hiyo si ya heshima tu. Anayeachishwa, ikiwa amekwisha kufanya kazi miezi sita au zaidi, ana haki ya kumtaka mwajiri athibitishe mambo mawili: sababu halali, na utaratibu wa haki. Mzigo wa kuthibitisha uko juu ya mwajiri. Aliyeacha kwa hiari yake hana la kudai katika hayo. Ndiyo maana herufi chache, i-s-h-w, zinastahili kipindi kizima.

Kosa jingine tulisikialo kila siku ni la kuchanganya "kusimamishwa" na "kuachishwa". Aliyesimamishwa kazi ili achunguzwe bado ni mwajiriwa. Mke wake akiwatangazia majirani kwamba mumewe amefukuzwa, amekosea neno, na huenda mume mwenyewe, kwa kuliamini neno hilo, asirudi kazini siku aliyoitwa kujieleza. Hapo atakuwa amejitia mwenyewe katika hatia ya utoro.

Baadhi ya wenzetu hutuambia kwamba mambo haya ni mazito kwa shule ya msingi. Sisi twaona Kilosa ni mahali pasipoweza kutoa udhuru huo. Katika mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa maneno haya yaliishi vinywani mwa watu kabla wengi wao hawajafika shuleni. "Kibarua" kwa asili ni barua ndogo, kikaratasi cha kazi ya siku. Jina la karatasi likamhamia mtu. "Manamba" ni namba. Tangu mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyojulikana kwa jina la SILABU ilikusanya watu kutoka majimbo ya mbali, na mtu akaitwa kwa hesabu badala ya kwa jina la baba yake. "Kipande" kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku ambayo mtu hakumaliza kipimo chake haikutiwa alama, na fedha zilitoka kadi ilipojaa. Kwa hiyo mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda. Mwanachuo akilitaja hilo, asisahau kuwaambia watoto kwamba neno "mshahara" lilitoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi, watayalinganisha wenyewe.

Hata jina la sheria lina historia. Sheria ya kazi iliyotungwa na serikali ya Kiingereza mwaka 1923 kwa ajili ya Tanganyika ilitaja katika anwani yake "bwana" na "watumishi wenyeji". Leo sheria inasema "mwajiri" na "mwajiriwa": maneno mawili ya shina moja, yanayotofautiana kwa kiambishi, wala si mmoja bwana na mwingine mtu wa nchi. Neno "mtumishi" limebaki kwetu sisi watumishi wa umma, na hatulionei haya, maadamu bwana wake ni umma.

Katika shule za Kimamba wamo wajukuu wa watu waliokuja kwa namba hizo. Waulizwe nyumbani babu alitoka wapi na ilikuwaje asirudi. Kisha waelezwe kwamba sheria ya 2004 inamtaka mwajiri, ajira inapokoma mahali pasipokuwa pale mtu alipoajiriwa, amsafirishe mtu huyo pamoja na vitu vyake hadi mahali alipoajiriwa, au amlipe nauli ya kumfikisha huko, na amlipe posho ya kujikimu kwa siku anazongoja safari. Kwa mtoto ambaye babu yake alizeeka akingoja nauli, kifungu hicho hakihitaji kukaririwa.

Kuhusu mkataba, tutasema kwa ufupi. Sheria inataja aina tatu: wa muda usiotajwa, wa muda maalumu na wa kazi maalumu. Aina ya tatu inafahamika kwa urahisi katika wilaya ambayo reli ya kisasa imetobolewa njia ndani ya milima yake. Treni ya abiria ilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, na mtu aliyeajiriwa kwa kuchimba handaki pekee hawezi kutazamia kuendelea kulichimba. Jambo la kusisitiza ni jingine. Watu husema "sina mkataba" wakiwa na maana kwamba hawana karatasi. Mkataba ni makubaliano. Karatasi ni ushahidi wake. Sheria inamwagiza mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi, na shauri likifika mbele ya sheria bila ya mwajiri kuyatoa maandishi hayo, ni juu yake mwajiri kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Mwenye kuficha karatasi hapati faida kwa kuificha. Wanafunzi hulipenda sana jambo hili, kwa sababu wanamjua angalau mtu mmoja aliyewahi kuambiwa "nenda ukashtaki, una karatasi gani?"

Kipindi cha Hisabati, ambacho kwa mwanachuo wetu kilikuwa maficho, kingeweza kuwa msaada. Chukueni kiinua mgongo. Neno zuri kupita yote katika sheria hii, na lenye kuchanganya kupita yote. Watu huliita kiinua mgongo lile fungu la fedha apatalo mtu anapostaafu kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii, nao ni NSSF kwa walio wengi wa sekta binafsi, na PSSSF kwa watumishi wa umma tangu mwaka 2018. Lakini kiinua mgongo cha sheria ya 2004 hulipwa na mwajiri mwenyewe ajira inapokoma: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia wa kazi mfululizo, mwisho miaka 10, kwa aliyetimiza angalau miezi 12. Aliyeachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu hakipati. Basi andikeni swali: Mzee alikata miwa upande wa Ruhembe miaka 13 mfululizo, kwa ujira wa shilingi 10,000 kwa siku, kisha akapunguzwa. Kiinua mgongo chake ni kiasi gani? Nusu ya darasa itazidisha 7 kwa 13. Jibu ni siku 70, yaani shilingi 700,000, na kosa lao ndilo litakalowafanya waikumbuke ile miaka 10.

Swali la pili liwe la kukata mshahara. Mikumi ina migahawa na nyumba za wageni nyingi kwa ajili ya wasafiri na watalii wa hifadhi, na vyombo huvunjika. Tuseme msichana analipwa shilingi 160,000 kwa mwezi, sahani za shilingi 60,000 zimevunjika, na mwenye mgahawa anataka kuzikata zote mwisho wa mwezi. Je, yafaa? Kwanza pawe na makubaliano ya maandishi ya kukatwa. Pili, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Tatu, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyohesabiwa, naye apewe nafasi ya kubisha. Baada ya hayo yote makato yasizidi robo ya malipo yake, yaani shilingi 40,000. Hesabu ya robo hujulikana tangu madarasa ya chini. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mtoto kwamba robo hiyo ni yake.

Na siku zihesabiwe kwa kalenda halisi, iliyotundikwa ukutani. Notisi ya mlipwa-kwa-mwezi ni siku 28. Anayepinga kuachishwa hupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine yana siku 60. Jina la Tume hiyo lenyewe ni somo: msuluhishi huwapatanisha wenye ugomvi bila ya kuwakatia shauri, mwamuzi hukata. Watu wengi wamekwenda kwa msuluhishi wakitazamia hukumu, wakarudi wakisema wamedhulumiwa.

Sheria ya 2004 iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya kutolea haki. Badiliko hilo limempa mwalimu wa Kiswahili kazi ambayo zamani aliweza kudai kuwa si yake. Hatumtaki awe mwanasheria. Mtu haambiwi kuwa tabibu kwa kufundisha majina ya viungo vya mwili. Tunachotaka ni awe na neno sahihi, na ajue mahali pa kumwelekeza mzazi.

Tumebakiza jambo ambalo wenzetu hawapendi kulisikia, nasi hatukulipenda tulipolifikiria mara ya kwanza. Walimu wengi ni waajiri. Nyumbani kwa mwalimu yupo msichana anayepika, anayefua na kulea mtoto, tena mara nyingine ana umri wa kuketi katika darasa la mwalimu huyo. Sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14; mwenye miaka 14 aweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Yule aliyepita umri huo ana saa za kazi zisizozidi 45 kwa wiki kabla ya malipo ya ziada, ana siku ya kupumzika, ana likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwanachuo atakayesimama mbele ya ubao na kufundisha "mwajiri ni yule anayeajiri" ajiulize endapo analo neno la kumwita mtu aliyempigia pasi shati lake asubuhi hiyo. Tumesikia maneno mengi: "binti wa kazi", "ndugu yetu wa kijijini", "anatusaidia". Hili la mwisho ndilo la hatari. Msaidizi hana notisi, hana likizo, wala hana kiinua mgongo. Na tumelichagua neno hilo kwa sababu hiyo, ingawa hatukukusudia.

Vivyo hivyo mwalimu hajui maneno ya ajira yake mwenyewe. Atakapopata barua ya kuajiriwa ataingia kipindi cha majaribio, kisha kuthibitishwa, kisha kupandishwa cheo. Angalieni jinsi vyote vilivyo katika kauli ya kutendwa. Akipatwa na shauri la nidhamu, njia yake si ya yule mwenye mgahawa. Ataanzia Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na tangu mwaka 2016 sheria inamtaka mtumishi wa umma amalize kwanza ngazi za sheria ya utumishi wa umma kabla ya kuzishika zile za sheria ya kazi. Tumewahi kumwona mwalimu akikimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akapoteza muda wake huko kwa kutojua tofauti ya Tume na Tume.

Wanachuo watakaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao Mikumi, Kidodi, Rudewa na Ulaya (ile ya Kilosa, si ya ng'ambo) twawaomba wajaribu kipindi kimoja tu cha dakika 40: mstari mmoja ubaoni, sentensi nane, upande wa kushoto na upande wa kulia. Sentensi nne zitoke kwa mwanachuo, nne zitoke kwa wanafunzi wenyewe, bila ya kutaja majina ya watu wala ya mahali pa kazi. Zile za wanafunzi ziandikwe katika daftari la maandalio na kuletwa chuoni, hasa zile zilizokataa kukaa upande wowote. Tungependa kuzichapa katika toleo lijalo, tuone wakufunzi wataziweka wapi.